Nilivyopata hati ya kiwanja Gungu

Kiwanja chetu cha Gungu, hapa Kigoma, marehemu mama alikinunua kwa karatasi ya daftari yenye muhuri wa mtaa. Watu walikuwa wakiulizia vyumba vya kupanga kila mara, mimi naogopa kujenga. Barabara ikija kupita je?

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 ndiyo iliyofungua mlango wa urasimishaji: watu wa makazi holela wapimiwe palepale walipo. Zamu ya mtaa wetu ilipofika, tukaambiwa kila kiwanja kichange 150,000. Nikalipa yote siku ya kwanza, kiherehere changu. Kampuni ya upimaji ikapita na mashine zake, kisha kimya miezi minane. Waliolipa kidogo kidogo hawakuumia kama mimi.

Ila pesa si kitu mbele ya mpaka. Mchoro wa mipango miji ulitaka njia ya mita nne kati yangu na bibi jirani, kila mmoja aachie mita mbili. Katikati ya mita zake umesimama mchikichi.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kwa habari ya njia."

"Marahaba. Mchikichi huu nimekula mawese yake hujazaliwa. Leo niukate magari yapite? Gari gani unalo wewe?"

Sikuwa nalo hata baiskeli. Nilikwenda mara tatu, ya tatu nikabeba kamba. Tukapima wenyewe: njia ikisogea kwangu, mimi naachia mita tatu na nusu, yeye nusu mita, mti unabaki. Choo changu cha shimo ndicho kilichoondoka. Tukaweka sahihi mbele ya kamati ya urasimishaji, mchoro ukarekebishwa, bikoni, zile nguzo fupi za mpaka, zikasimikwa. Watoto wakizikalia, bibi anawafukuza kwa fimbo.

Baada ya hapo ni ankara, kulipa na kusubiri. Hati ikatoka, ya miaka 99, na kodi ya pango la ardhi nalipa kila mwaka. Benki niliyoipelekea hati kuomba mkopo ilitaka karatasi ya mshahara, nami ni muuza dagaa. Nikakopa kikoba, nikasimamisha vyumba viwili vya tofali za kuchoma. Vyote vilipata watu kabla sijapiga lipu.

Chikichi zinaangukia njiani, na wapangaji wangu wanaziokota. Bibi ameshakuja kunidai.