K ya Khamis na kontena la baiskeli

Juzi mtu kaniuliza pale kwa muuza kahawa, dada hizi baiskeli zako za Kijapani mbona umepandisha, mwaka jana si ulikuwa unauza chini ya hapa. Nikamwambia kaa nikueleze. Akakaa, vikombe vitatu vikapita, kashata zangu zikaisha zote na bado stori haijafika hata bandarini, mwisho kaaga kwamba anawahi swala. Sasa acha niandike hapa, atakayeuliza tena namtumia linki.

Kwa asiyenijua, mi nauza baiskeli za mtumba Ngamiani, barabara ya 12. Tanga na baiskeli hatuna haja ya kuelezana, mji tambarare huu, mama anaenda nayo sokoni, mwalimu anaenda nayo shule, Ijumaa mzee na kanzu yake nyeupe anapita nayo na hachafuki. Miaka yote nilikuwa nanunua kwa jumla Dar, tunarundika kwenye fuso usiku, asubuhi nikifika Tanga kuna kumi zimepinda rimu na dereva anaapa hajapita shimo hata moja. Ndo binamu yangu, mtoto wa mjomba, yuko Nagoya siku nyingi, akanambia we dada bandari unayo hapo hapo mjini kwenu, unazungukia Dar kufuata nini, nikufungie kontena lako mwenyewe.

Tukachukua futi 40, lile refu la juu wanaloliita haikyubu. Ndani lina urefu wa mita 12, upana mita 2.35, kwenda juu karibu mita 2.7, ukizidisha ni kama mita 76 za ujazo. La futi 20 lina kama 33. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba la 40 halibebi uzito mara mbili ya la 20, hapana, yote mawili ukomo wake na mzigo ndani ni kama tani 30 na kitu. Kwahiyo mwenye misumari au vigae anachukua la 20 maana uzito unajaa kabla ya nafasi, na mwenye vitu vya upepo kama mimi, baiskeli, magodoro, anachukua la 40 maana nafasi inajaa kabla ya uzito. Zangu ziliingia 438. Pedeli zinafunguliwa, usukani unageuzwa uende sambamba na fremu, moja kichwa juu moja kichwa chini, vile vikapu vya mbele vinaingiliana kama vikombe. Baiskeli zote pamoja zilikuwa kama tani 8, na kontena lenyewe tupu kama tani 4. Namba hizo ninazo kwasababu tangu Julai 2016 kontena halipandi melini bila uzito wake kuthibitishwa, wamechoka na watu wanaodanganya uzito alafu rundo linaanguka baharini.

Nauli ya meli, dola 3,900. Gawa kwa 438. Haifiki dola 9 kwa baiskeli. Yani baiskeli inatoka Japani, zaidi ya kilomita elfu kumi, inapita Singapore, inavuka Bahari ya Hindi yote, kwa hela ambayo mimi nikimpa kijana wa mkokoteni anipelekee vitu vitatu vinne hapa mjini ananuna. Nilirudia ile hesabu kwenye kikokotoo cha simu mara tatu nikidhani nimekosea nukta.

Na hapa lazima nimtaje babu. Babu mzaa mama alikuwa kuli hapa hapa bandari ya Tanga enzi za mkonge. Wakati ule meli kubwa haikuwa inasogea gatini, maji yalikuwa mafupi, inatia nanga huko nje na mzigo unafuatwa na matishari. Robota moja la mkonge kilo 250, linashushwa kwenye tishari, tishari linavutwa hadi melini, linapandishwa tena kwa winchi, meli moja inakaa siku na siku, na babu alikuwa na kidole kimoja hakikunji kwasababu ya kamba. Hii habari ya kufunga mzigo wote kwenye sanduku moja la chuma na kulinyanyua zima ilianza na Mmarekani mmoja mwenye malori, Malcom McLean, Aprili 1956, meli yake Ideal X ikatoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Gharama ya kupakia tani moja ikashuka kutoka karibu dola 6 hadi chini ya senti 20. Ndo maana baiskeli yangu inavuka bahari kwa dola 9, mikono yote ile ya kina babu imetolewa pale katikati. Sa hivi Tanga wamechimba kina kimefika mita 13, gati la mita 450, meli inakuja yenyewe ubavuni. Babu hakuyaona.

Basi. Kontena likafungwa Januari, binamu kanitumia namba yake, herufi nne na tarakimu saba, herufi ya nne siku zote ni U, na ile tarakimu ya mwisho inapigwa hesabu kutokana na zingine zote ili mtu akikosea kuandika mfumo ukatae. Ikumbukeni hiyo, namba ya kontena ina ulinzi wa kukosewa. Jina la binadamu halina.

Kila usiku naingiza ile namba nalitafuta. Singapore. Kimya. Mombasa, limeshushwa linasubiri meli ndogo ya kuja Tanga. Mume wangu akawa ananitania, hilo kontena ungekuwa unalipigia simu sisi tungelala njaa. Siku ya 41 likafika. Nilipanda baiskeli nikaenda nikalitazama kwa mbali kwa nje ya uzio, jekundu, limechubuka ubavu mmoja, nikapiga picha nikaweka stetasi. Kutoka pale mpaka dukani kwangu ni dakika kumi kwa baiskeli, na mi sikimbizi.

Dakika kumi hizo zikachukua siku 20.

Ilikuwa hivi. Ili utoe mzigo unahitaji BL, ile karatasi ya mwenye meli inayosema mzigo huu ni wa fulani. Zamani lazima ile halisi isafirishwe kwa ndege, zinatolewa nakala tatu halisi, mwenye nayo mkononi ndo mwenye mali. Sisi tulifanya teleksi, yani binamu anazirudisha nakala halisi kule kule, wakala wa kule anamwandikia wa huku mpe mzigo bila karatasi, inakuokolea siku za kusubiri bahasha. Hapo tulicheza vizuri. Wakala wangu wa kliaringi, yani wa kunitolea mzigo forodhani, mzee mmoja mpole anayeongea kama anasoma dua, akafungua jalada, akatoa miwani, akavaa miwani, akanambia mama, kwenye TIN, namba yako ya mlipakodi, wewe ni Khamis. Nikasema naam. Akasema, hapa kwenye BL umekuwa Hamisi.

Nikacheka. Nikamwambia si ndo huyo huyo, baba yangu nyumbani anaitwa hata Mhamisi. Hakucheka. Akageuza ile karatasi upande wangu akaweka kalamu chini ya herufi.

Mifumo haijui kwamba Khamis na Hamisi ni mtu mmoja. Orodha ya mizigo ya meli, wanaiita manifesti, ilishaingia forodha na jina la Hamisi, na tamko la forodha linafunguliwa kwa TIN ya Khamis. Havikutani. Kurekebisha lazima ombi litoke kwa aliyepakia kule, liende kwa mwenye meli, lije kwa wakala wake huku, liombwe lirekebishwe kwenye manifesti, na kila kituo kina ada yake ndogo na mapumziko yake ya wikiendi. Kule Japani ilikuwa na sikukuu. Huku tukaingia Ijumaa. Kuna siku nzima iliyoliwa na imeili iliyokaa kwenye spamu.

Na kosa la nani? Nitasema kweli maana binamu anasoma hapa. Kabla meli haijaondoka alinitumia rasimu ya BL kwa WhatsApp akaandika, dada angalia kila kitu, kikishaondoka hakibadiliki kirahisi. Mi nilikuwa harusini Makorora, mkono mmoja pilau mkono mmoja simu, nikaweka dole gumba. Lile dole gumba.

Wakati huo kuna saa mbili zinazunguka na ni vizuri mtu azitofautishe. Ya kwanza ni storeji, hiyo ya bandari, unalipia ardhi kontena lilipokaa. Ya pili demareji, hiyo ya mwenye meli, unalipia kontena lake unalolikalisha badala ya lirudi kazini. Kila moja ina siku zake za bure, zangu za demareji zilikuwa 7. Na hata ukishalitoa, kuna nyingine inaanza, ya kukaa nalo nje mpaka ulirudishe tupu. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, basi la kwangu lilikuja leo likalala, likaamka, likalala. Siku 13 za kulipia. Ukijumlisha saa zote mbili na ada za marekebisho ikafika dola 1,300 na ushee. Gawa kwa 438, dola 3 kwa baiskeli. Bahari nzima ilinitoza 9, herufi mbili zikanitoza 3.

Ushuru wenyewe sina neno nao sana, ila ujue hauhesabiwi kwenye bei uliyonunulia tu. Wanachukua bei ya mzigo, wanaongeza bima, wanaongeza nauli ya meli, juu ya jumla hiyo ndo ushuru, alafu VAT asilimia 18 inakaa juu ya yote pamoja na ushuru wenyewe. Mtu anayepiga hesabu ya bei ya kununulia peke yake anapata presha gatini. Na invoisi yako iwe na maelezo, sio "baiskeli kuukuu 438" basi, andika ngapi za gia, ngapi za watoto, ngapi za umeme kama zipo, maana karatasi yenye maneno machache inaalika maswali mengi.

Siku ya ukaguzi nilikuwepo. Kijana kaja na mkasi mkubwa wa kukatia sili, nikamwambia subiri kaka, nikasoma namba ya sili kwa sauti huku nimeshika BL, tarakimu kwa tarakimu, wote wametulia kama tunasoma matokeo ya mtihani. Zikalingana. Ilipokatwa na mlango kuvutwa ikatoka harufu ambayo siisahau, mpira, grisi, na ubaridi fulani wa majani yaliyooza, nikajua hapa kuna maji yalikuwemo.

Hayakuingia kutoka nje. Binamu alizipakia Januari, baridi kali, baiskeli zilikuwa zimekaa uani zinanyeshewa, zikafungiwa na unyevu wake. Kontena likifika kwenye joto la huku maji yanapanda kuwa mvuke, usiku bati la juu linapoa, yanarudi matone. Mvua ndani ya sanduku, bila wingu. Inabidi uning'inize ile mifuko ya chumvi chumvi inayonyonya unyevu, bei yake ndogo sana, sisi hatukuweka hata mmoja. Cheni za safu za juu zote zilikuwa na kutu rangi ya chai ya rangi. Zingine zilikubali mafuta ya taa na brashi, kama sitini hazikukubali nikabadilisha.

Alafu kufuli. Baiskeli za Kijapani zina kufuli ya duara kwenye gurudumu la nyuma, na nyingi zinakuja zimefungwa, funguo imebaki kwa mtoto fulani wa shule huko Nagoya. Wiki nzima uani kwangu ni grainda tu, cheche, majirani wakaja kuuliza kama nimefungua karakana. Fundi wangu ana mtindo wake, anaikata mahali padogo sana, anapiga rangi, mnunuzi hata haoni. Stika za usajili wa polisi wa kule hazibandui, wateja wanazipenda, zenye maandishi yale wanasema ndo orijino.

Kontena tupu tukalirudisha siku ya tatu, tukadhani tumemaliza. Kwenye dipoziti, ile hela ya dhamana ya kontena, wakakata hela ya usafi, grisi ya cheni imeingia kwenye mbao za sakafu. Sikubishana, maana ni kweli ilikuwepo, nilipita na fagio tu, sabuni sikutumia.

Kwahiyo kaka wa pale kahawani, bei imepanda kwa ile dola 3, na cheni sitini, na mawe ya grainda. Ukitaka za bei ya mwaka jana ninazo mbili zilizopinda rimu kwenye fuso.

La pili linafungwa wiki ijayo. Mifuko ya chumvi imenunuliwa, binamu kanipigia video akinionyesha, na baiskeli kaziweka chini ya paa. Jana usiku kanitumia rasimu ya BL. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikavaa miwani ya mume wangu, nikaikuza picha mpaka herufi zikaanza kuvunjika. Khamis. K ipo. Nikashusha pumzi, nikateremka mstari wa chini kusoma anuani.

Ameandika Ngamiyani. Nimemrudishia.