Siku miguu iliponigomea ulingoni

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 24, nakaa Mwananyamala, na nilichokuwa nakitaka kuliko vyote ni kuwa na pumzi ya bondia na mwili wa mtu wa vyuma kwa wakati mmoja. Alfajiri nakimbia mpaka Coco Beach na kurudi, jioni niko kwa mwalimu wetu wa ngumi, kamba raundi 3, shadoo, yani kupiga ngumi hewani peke yako, raundi 3, begi raundi 4, alafu pedi kama mwalimu mikono yake bado inaruhusu. Na hapo katikati, nafasi yoyote nikiipata, vyuma.

Vyuma vyetu vilikuwa uani kwa jamaa mmoja, makopo ya rangi yamejazwa zege na bomba la maji limepita katikati. Lile bomba kubwa kila mtu alikuwa anasema ni kilo 80, mpaka siku tukalibeba wawili mpaka mashine ya kusaga tukaomba mizani, ikasoma 68. Na kopo la kulia lilikuwa zito kuliko la kushoto, ukiliweka mabegani unalisikia linakuvuta upande, kwahiyo katikati ya seti unalishusha unageuka alafu unaendelea. Mi nilikuwa napiga nalo skwati, yani kuchuchumaa na kusimama nalo mabegani, 20 bila kupumzika, seti 5, karibu kila siku. Moyo unadunda, jasho linachuruzika mpaka kwenye kandambili, nikawa naamini kabisa hapa napata nguvu na pumzi kwa mpigo mmoja.

Sasa kuna Jumamosi moja mwalimu akaleta vijana wa Keko waje tucheze nao sparingi, yani pambano la mazoezi. Mimi nikapangiwa dogo mmoja mwembamba, nilimzidi kama kilo 4 hivi, ana adabu sana, alinisalimia kwa mikono miwili. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimeshapiga zile seti zangu 5. Sikuona tatizo, nilijua mwili umeshachemka uko tayari.

Raundi ya kwanza nilimpeleka vizuri tu. Jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele, inafika, mkono wa kulia una uzito, nikasikia watu wanaguna pembeni, nikarudi kona nimefurahi. Raundi ya pili, labda dakika moja ndani, nikataka kutoka kushoto, kichwa kimeshatoka na bega limeshatoka, miguu imebaki pale pale. Sijui nielezeje, hakuna maumivu, hakuna kizunguzungu, na pumzi ilikuwepo kabisa nilikuwa naisikia, ila mapaja yamekuwa kama yale makopo ya zege. Visigino vikakaa chini na havinyanyuki tena. Yule dogo akaona, kwasababu bondia anaangalia miguu yako kabla ya mikono, akaingia chini akanipa moja ya ini. Ngumi ya ini inachelewa, unapata sekunde nzima unajiona uko salama, alafu mwili wote unajifunga. Nikapiga goti. Dogo akarudi nyuma akasema, "Pole kaka," na mwalimu akasimamisha.

Hakunigombeza. Alinikalisha kwenye tairi akaanza kunifungua bandeji taratibu, na huku anafungua akabonyeza paja langu kwa kidole gumba, nikaruka. Akauliza, "Mwanangu, asubuhi ulifanya nini?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo akasema, "Pumzi itafute kwenye begi na kwenye kamba. Kwenye chuma tafuta nguvu tu, alafu kiache chuma kipumzike na wewe upumzike."

Kuanzia hapo akanipangia upya na mi nikafata. Vyuma Jumatatu na Alhamisi tu, jioni, siku hizo hakuna begi. Skwati mara 5 kwa seti badala ya 20, tukaliongezea bomba mifuko ya mchanga, na kati ya seti nakaa dakika 3 nzima. Hizo dakika 3 zilinitesa kuliko kubeba, yani unakaa unajiona mvivu. Mbio nikabakisha siku 3, na Ijumaa hakuna kitu, kwasababu Jumamosi ni sparingi.

Miaka mingi baadae nikasoma habari za Mmarekani mmoja Robert Hickson, na ilinigusa sana maana alikuwa mtu wa vyuma, akaenda kufanya kazi St. Louis kwa mtafiti wa mazoezi John Holloszy, akawa anakimbia nae, akaona nguvu zake zinapungua. Basi akaja kulipima, akatoa utafiti mwaka 1980, wiki 10, kundi moja vyuma tu, jingine mazoezi ya pumzi tu, jingine yote mawili karibu kila siku. Waliochanganya pumzi yao ilipanda vizuri kama wenzao, ila nguvu zao zikapanda mpaka kama wiki ya 7 zikagota, mwishoni zikaanza kushuka. Nilikaa na hiyo karatasi nikamkumbuka mwalimu, hajawahi kuisoma na alikuwa ameshayajua kwa kidole gumba.

Wiki kama 6 baada ya lile goti vijana wa Keko wakarudi, dogo yule yule. Alikuwa bado ananizidi ufundi na raundi ya pili aliichukua yeye, siwezi kubisha. Ila raundi ya 3, zimebaki kama sekunde 30, mwalimu anazihesabu kwa sauti, dogo akaingia chini kutafuta lile ini tena, na mguu wangu wa kushoto ukatoka wenyewe, kisigino kiko juu, ngumi yake ikapita hewani ikanigusa fulana tu.

Kengele ikalia. Tukakumbatiana, nikaenda kukaa kwenye tairi, mwalimu akaja na maji akanibonyeza paja, safari hii sikuruka.