Picha nne za Corolla

Dalali anayenitafutia mteja wa Corolla yangu ametaka picha nne: mbele, ubavu, dashibodi na injini. "Na ulioshe kwanza kaka, gari chafu watu wanadhani limegonga." Jana usiku nikaanza kupekua simu, nikijua miaka kumi na mbili haiwezi kupita bila picha. Wapi! Iko moja ya harusi Muheza, taa ya nyuma imechungulia kati ya magauni mawili. Iko ya mwanangu siku ya kwanza ya shule, ameegemea kitu cheupe ambacho ukikodoa macho ni mlango. Iko ya mzee anakula embe, kiwiko juu ya boneti. Gari zima, kuanzia taa hadi buti, halimo popote.

Ni Corolla toleo la 110, herufi za usajili zinaanzia A, injini aina ya 5A. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna stika ambayo sijawahi kuibandua, ya gereji ya Japani iliyobadilisha oili. Mwaka umeandikwa 14, na si 2014: ni mwaka wa 14 wa Heisei, enzi ya Mfalme Akihito, yaani 2002. Kilomita zimejazwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa mbio wa mtu mwenye mikono ya grisi, ungedhani ni wa fundi wetu hapa Mwananyamala. Redio nayo ilikuja ya kwao, mwisho wake FM 90, kwa hiyo tulikuwa na stesheni mbili tu na tukazizoea.

Katika watu wote waliohusika na gari hili, ninayemfikiria zaidi ni Tatsuo Hasegawa, baba wa Corolla ya kwanza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mhandisi wa ndege. Vita vikaisha, Japani ikakatazwa kuunda ndege, yeye akaingia Toyota. Mwaka 1961 wakatoa Publica, gari dogo la injini ya cc 700, bei nafuu, bila redio wala hita. Wenyewe walidhani wamemrahisishia mwananchi. Mwananchi akalikunjia pua. Mtu akishadunduliza mpaka akanunua gari lake la kwanza, hataki gari lenyewe liwatangazie majirani kwamba hana hela. Hilo hata huku kwetu linaeleweka.

Hasegawa akajifunza, na kwenye Corolla akaja na hesabu yake ya alama 80. Gari lisifeli somo hata moja, lipate 80 kila mahali: breki, viti, mafuta, kelele, bei. Ila akaongeza kwamba 80 tupu hazimvuti mtu, lazima pawe na masomo machache ya kuzivuka. Basi akaweka gia nne, tena mkono wake chini sakafuni, wakati magari mengi ya Kijapani yalikuwa na tatu kwenye usukani na gia ya sakafuni ikionekana ni mambo ya malori.

Halafu kuna ule ugomvi na Nissan, ambao ndio ninaoupenda kuliko yote. Sunny ilitoka Aprili 1966 na injini ya cc 1000. Toyota nao walikuwa wamepanga 1000, wakapandisha hadi 1,077, na Corolla ilipotoka Novemba mwaka huohuo tangazo likajisifia cc 100 za ziada, kwa kuihesabu 1,077 kama 1100. Nissan wakameza. Mwaka 1970 wakaleta Sunny ya 1200 na tangazo lao: gari la jirani linaonekana dogo. Mipasho mitupu! Yangechapwa kwenye kanga yangeuzika.

Wengine hupenda kutaja 1997, mwaka jina Corolla lilipoipita Volkswagen Beetle ya Wajerumani kwa mauzo. Mimi hiyo naiona hesabu ya ujanja. Beetle ilibaki Beetle, wakati Corolla ya 1966 na hii yangu sidhani kama zinaweza kuazimana hata boliti. Ile ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, hii inavutwa na ya mbele. Kilichodumu ni jina, neno la Kilatini la taji dogo. Na Waganda hata jina hawakulihitaji, ile 100 iliyotangulia yangu wanaiita Kikumi, mia, basi.

Kunilaza njiani imenilaza mara moja tu, Segera, na kosa lilikuwa langu. Mshale wa joto ulipanda nikajifanya sikuuona. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka kama mdomo wa chaza, mvuke unatoka hadi abiria wa basi wakaanza kunicheka. Kijana mmoja akachungulia, hakuuliza mwaka wala modeli, akapanda bodaboda. Sijamaliza chai, mpira umefika. Tukaongeza maji, nikampa hela yake, saa mbili usiku nilikuwa Tanga.

Nauza kwa sababu watoto wamekuwa watatu na kiti cha nyuma kimegeuka bunge. Mama yao anataka Noah. Dalali aliponiuliza gari lina tatizo gani nikakaa kimya mpaka akadhani namficha kitu. "Sema tu bro, hawa wateja watakuja na fundi." Kweli sikuwa na la kusema. Nikamtajia kioo cha nyuma kushoto, kinapanda kwa kusaidiwa na kiganja.

Leo alfajiri nimeliosha, nikapiga zile nne jua likiwa chini. Ya ubavu imetoka vizuri, rangi inang'aa, ila mlangoni nimetokea mimi, bega na mkono ulioshika simu. Nikamtumia hivyohivyo. Amejibu kwamba inafaa, atanikata pembeni.