Nilivyompeleka mama kwenye igizo lisilo na viti

Mama ana miaka 72 na goti la kulia limeshamgomea. Nilipoona tangazo pale Mashine Tatu, hapa Iringa mjini, igizo la nyimbo kuhusu Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, "watazamaji watasimama na kutembea pamoja na waigizaji", nikapanga kwenda peke yangu. Mama akakataa katakata. Amezaliwa kijiji kisicho mbali na Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mkwawa, na tangu utoto wangu anasema kwamba siku fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, liliporudishwa, Juni 1954, naye alikuwepo. Alikuwa mgongoni kwa bibi, bado ananyonya. Lakini alikuwepo.

Tiketi ilikuwa shilingi elfu kumi, watu arobaini tu kwa usiku mmoja, ndani ya ghala la zamani la mahindi. Siku moja kabla nilikwenda kuongea na kijana wa mlangoni, nikamweleza habari ya goti. Akanishauri nije na kigoda, nimkalishe mama kwenye nguzo ya katikati, kwa sababu kila kitu kingezunguka hapo. Ushauri huo ndio uliotuokoa, maana mimi ningemweka pembeni ukutani, akapigwa vikumbo usiku kucha. Jambo la pili lilikuwa baridi. Iringa ya Julai, sakafu ya saruji, bati tupu juu: nilimvalisha soksi jozi mbili, sweta na vitenge viwili. Simu zetu zilibaki mlangoni. Mkoba wake hakuuachia, na hakuna aliyethubutu kumlazimisha.

Hakukuwa na pazia wala kengele. Tulikuwa tumesimama tukipiga soga, kumbe ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, lilishaanza kulia kona ya giza. Mwanamume mwenye koti jeusi niliyedhani ni mtazamaji mwenzangu akafungua kinywa, akaimba besi karibu na sikio langu mpaka mbavu zikatetemeka. Akajibiwa kutoka kona nyingine, kisha nyingine. Nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya miaka kumi na mitano, lakini kwenye kwaya unasikia mstari wako na mgongo wa mwalimu. Sikuwahi kusimama katikati ya sauti zote nne zikinizunguka. Kwa dakika kadhaa nilisahau kuwa nina mgonjwa wa goti.

(Watu wanasema mtindo huu ni mpya. Mnisamehe, nani aliwahi kuangalia ngoma kijijini akiwa amepangwa kwenye viti?)

Wakapita mabinti na vibuyu, wakitusalimia kwa Kihehe, "Kamwene". Watazamaji wengi walitabasamu tu. Mama akaitikia, akaushika mkono wa binti mmoja, akaanza kumuuliza habari za nyumbani na ametokea wapi. Maskini, alikuwa na wimbo wa kuimba. Akajibu maswali mawili, mengine akayaimbia, mkono wake bado umo kwenye mkono wa mama.

Kwa vita vya Lugalo vya 1891 tuligawanywa. Wengine walijificha nyuma ya magunia kama wapiganaji wa Mkwawa, sisi tukawa msafara wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, unaopita bila kujua. Nilijua fika mwisho wake, na bado nilishtuka walipotuibukia. Kisha 1894, ngome ya Kalenga ikipigwa mizinga, yaani mapipa matupu yaliyogongwa kwa marungu. Ofisa wa Kijerumani, kijana wetu wa hapa hapa na masharubu ya kubandika, akaja akifoka tuondoke, akasimama mbele ya kigoda.

"We kijana," mama akamwambia, "unamfokea nani?"

Ghala zima kimya. Ofisa akameza mate. "Shikamoo mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Haya, endelea na kazi yako."

Kicheko kilichofuata kiliua Kalenga yote, na yule kijana hakuogopwa tena mpaka mwisho. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Lakini niseme kweli, sehemu dhaifu ya usiku ule haikuwa ya mama. Kifo cha Mkwawa mwaka 1898, alivyojipiga risasi ili asikamatwe, kiliimbwa kwa nyimbo tatu ambapo moja ingetosha. Walipofanya vizuri ni kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919: kifungu cha 246, kinachoitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu ndani ya miezi sita, kiliimbwa neno kwa neno kama wimbo wa kanisani. Walipofika kwenye "miezi sita" wakarudia, wakarudia, sauti zikizeeka, hadi kufika 1954.

Hapo mtu akanishika bega, akanipa sanduku lililofungwa kitambaa cheupe. "Mpelekee mjukuu wake." Mjukuu, yaani Chifu Adam Sapi, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge, alikuwa amesimama mwisho wa ghala.

Mimi ni mtu wa kukaa nyuma. Hata harusini nakwepa kamera. Nilichofanya ni kuacha kuangalia nyuso, nikaitafuta ngoma, nikaweka hatua moja kwa kila pigo, kama tunavyoingia kanisani siku za sikukuu. Watu walikuwa wakiimba kwa midomo iliyofumba. Nilipoifikia nguzo nikamwona mama amesimama, hajashikwa na mtu. Alikuwa amevua viatu.

Tulipanda bajaji. Njiani akaniuliza, "Ulichungulia ndani ya lile sanduku?"

"Hapana, mama."

"Vizuri."

Akanyamaza mpaka tukakaribia Kihesa.

"Na yule Mjerumani," akasema, "ni mtoto wa nani?"