Mpira wa maji wa bustani unauliwa na jua na chumvi, sio presha

Upepo wa Kaskazi ukishaingia vizuri, ile kuanzia Disemba mpaka masika yanakaribia, ndo utajua huku kwetu Unguja nani kanunua mpira wa maji na nani kauziwa. Pita mtaani baada ya alasiri utaona mtu kainama anafunga kipande cha tyubu ya baiskeli pale palipotoboka, na mpira wenyewe kaununua mwaka huu huu, kisha anakwambia "hii pampu presha yake kubwa". Mie hilo la presha sikubaliani nalo hata kidogo na leo nataka nilieleze sawasawa, mana nayapenda mauwa yangu, mikilua na myasmini na kitalu changu cha mchicha, na naona uchungu watu wanavotoa pesa kila mwaka kwa kitu ambacho ukikichagua vizuri kinakaa miaka.

Tuanze na hiyo hiyo presha. Nyumba nyingi tangi lipo juu ya kimnara, mita tatu au nne kutoka chini, na hesabu yake ni nyepesi, maji yakisimama urefu wa mita 10 ndo yanaleta bar moja, hiyo bar ni kipimo cha presha, kwaiyo tangi la mita tatu linakupa bar 0.3 tu, hiyo haipasui chochote. Ukiunga mpira moja kwa moja kwenye pampu ya nyumbani ndo inakuwa zaidi, angalia kile kibati kilichobandikwa ubavuni kimeandikwa H max na namba ya mita, yaani mwisho wa urefu pampu inaoweza kupandisha maji, ikiwa 30 ni bar tatu hivi na hiyo ni pale unapofunga maji kabisa. Mpira wa kawaida wenye nyuzi ndani unavumilia hiyo na zaidi. Basi kwa nini unapasuka?

Unapasuka kwa sababu ya jua. Sisi tuko kama nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na ile ya Machi inatukuta mwisho wa Kaskazi wakati mvua hakuna na kila mtu anamwagilia asubuhi na jioni na mpira umelala uwanjani mchana kutwa. Mingi ya hii mipira ya madukani ni PVC, plastiki ile ile ya mabomba magumu meupe na ya kijivu ambayo fundi anayafukia chini, ila hii imetiwa vitu vya kulainisha ndo ikaweza kukunjika. Sasa joto na jua vinavitoa vile vilainishi pole pole, mpira unaanza kunatanata juu, halafu unakuwa mgumu kama mkate wa mofa uliolala, halafu unapiga nyufa ndogo ndogo pale unapopinda, hasa karibu na koki. Siku pampu inawashwa unafumuka pale pale, na lawama zinaangukia pampu ambayo haina kosa.

Kuna na kitu cha pili watu hawakijui. Ile namba ya bar iliyoandikwa kwenye mpira imepimwa maji na hewa vikiwa vya baridi ya kawaida, nyuzi joto 20 na kidogo. Plastiki ikipata moto nguvu inashuka sana. Kwaiyo ukimaliza kumwagilia ukafunga kichwa cha mbele tu, kile cha kurushia, ukaacha koki wazi na mpira umejaa maji juani, unauchemsha huku unausukuma kwa ndani, hapo hata mpira mzuri utavimba tumbo. Funga koki kwanza, kisha fungua mbele maji yote yatoke. Na uangalie vizuri hizo namba mana mara nyingi zimeandikwa mbili, moja ya kufanyia kazi na moja ya kupasukia, ya kupasukia huwa kama mara tatu ya nyengine, na muuzaji atakusomea ile kubwa.

Haya, dukani sasa. Ukienda Darajani au Mwanakwerekwe utakuta rolo zimepangwa nje, za kijani nyepesi, za rangi ya chungwa, zile za kung'aa unaona nyuzi ndani, na nyeusi chache nyuma huko. Usiangalie rangi wala kung'aa. Mwambie mwenye duka kwa adabu tu, "ami, naomba nione pale ulipokatwa", mana mipira mingi inauzwa kwa mita na mwisho wa rolo umekatwa, pale pana habari yote. Uone tabaka. Mpira wa tabaka moja tu, plastiki tupu bila uzi, uache hapo hapo hata kama bei yake inakuvutia, huo ni wa kutolea maji kwenye ndoo. Unaotakiwa una tabaka la ndani, halafu wavu wa nyuzi umeuzunguka, halafu tabaka la nje. Nyuzi zikiwa zimesukwa za kukatana ni bora kuliko zilizozungushwa upande mmoja, mana hizi za upande mmoja mpira unajisokota ukitiwa maji. Kisha ukunje mkononi upate duara dogo. Ukivunjika na kubaki na alama nyeupe pale pale, basi, uweke chini. Ukirudi wenyewe bila alama, huo una maisha. Uinue pia usikie uzito, kwa urefu sawa na unene sawa ule mzito ndo wenye nyama.

Nyeusi watu hawaipendi, wanasema inavuta joto, na ni kweli inavuta, ukifungua saa nane mchana maji ya mwanzo yanaunguza miche kwaiyo uyamwage pembeni kwanza. Lakini ule weusi unatoka kwenye masizi maalumu yanayochanganywa na plastiki au mpira na ndo kinga kubwa kabisa ya mionzi ya jua tuliyonayo. Mpira wa raba halisi mweusi, hasa wa aina inayoitwa EPDM, ulaini wake hautegemei vilainishi kama PVC kwaiyo jua haliuli haraka, ni mzito kuburuza na bei yake iko juu, lakini kwa bustani isiyo na kivuli mie ndo ningechagua huo kabla ya kitu chochote. Ule wa kung'aa unaopitisha mwanga una ubaya mwengine, mwanga ukiingia ndani unaota ukijani, ule utelezi, na vipande vyake vinakuja kuziba vitundu vya kichwa cha kurushia au vya mpira wa matone kama umeweka. Kama moyo umependa huo basi angalau uwe na tabaka jeusi ndani.

Upana. Hapa wenye matangi ya kimnara nisikilizeni sana. Fundi wengi watakwambia chukua nusu inchi, rahisi, unaunga popote. Kwa mwenye pampu sawa. Lakini kwa maji yanayoshuka wenyewe kutoka tangini, nusu inchi ni kujitesa, utasimama kwenye mchicha mpaka magharibi inaadhiniwa. Robo tatu inchi tundu lake kwa eneo ni mara mbili na robo ya nusu inchi, na msuguano wa maji na ukuta wa mpira unapungua pia, kwaiyo maji yanayotoka mbele yanaongezeka kwa zaidi ya mara mbili na tangi ni lile lile. Na usinunue urefu usiouhitaji. Kila mita unayoongeza inakula ile presha kidogo uliyonayo, pima kwa kamba kutoka koki mpaka mti wa mwisho, ongeza mita mbili tatu za kuzungukia, basi. Mita 50 kwa uwanja wa mita 15 ni hasara mara mbili, ya pesa na ya maji.

Ile mipira ya kisasa inayovutika ukitia maji inakuwa mirefu ukifunga inajikusanya, inapendeza kuitazama, lakini ndani yake ni kifuko chembamba cha kunyumbuka kimevishwa kitambaa, kikijikwaruza kwenye jiwe moja la matumbawe imekwisha, na mawe hayo ndo uwanja wenyewe kwa wengi wetu hasa upande wa mashariki, Paje, Jambiani na huko. Kwa kibarazani penye vigae na vyungu vichache sina neno. Na ile mipira bapa ya bluu ya wakulima wa mboga ni mizuri kwa kazi yake, kupeleka maji mengi mbali, ila haikai wazi bila presha kwaiyo ukikunja kona tu maji yamesimama. Na kitu kimoja muhimu sana kwa wenye visima: upande wa pampu unaovuta maji usiweke mpira wowote wa hii, weka ule wenye waya au plastiki ngumu iliyozungushwa ndani ya ukuta wake, mana mpira laini pampu inaunyonya unabana kuta zake zinagusana, na pampu inafanya kazi kavu mpaka inaungua.

Sasa chumvi. Nimeona mipira mizuri kabisa inatupwa kwa sababu ya kiungo kilichooza. Huku hewa yenyewe ina chumvi, Kusi ikivuma inapeleka mpaka ndani ya nyumba, na visima vingi vya karibu na pwani maji yake yana chumvi chumvi. Klipu ya kawaida ya bati, ile ya kukazia mpira kwenye kiungo, haimalizi mwaka. Ukiangalia vizuri klipu nyingi zimepigwa alama ndogo, W1 mpaka W5. W1 yote ni chuma cha kawaida kilichopakwa, usiisogelee. W2 ndo inayodanganya watu, ukanda wake ni stenlesi lakini ile skrubu ya kukazia si stenlesi, kwaiyo ukanda unang'aa na skrubu imekufa, huwezi kukaza wala kufungua. Chukua W4, yote stenlesi, na ukiwa pwani kabisa W5 ukiipata, hiyo ni stenlesi ya 316 ambayo hata kwenye maboti wanaitumia. Beba kisumaku kidogo mfukoni, ukigusisha kwenye ile skrubu kikanata kwa nguvu, rudisha. Viungo vya plastiki havioti kutu lakini jua linavifanya vikavu vinavunjika meno, vya shaba ya njano vinadumu zaidi ila visiwe vile vyepesi vya kupakwa rangi tu, utajua kwa uzito.

Na wale wenye ndugu Marekani. Mara nyengine mtu anakutumia mpira mzuri wa raba kwenye kontena, unafurahi, ukija kuufunga kwenye koki haukubali, unaingia mzunguko mmoja unakwama. Sio mbovu. Koki zetu ni za kipimo cha Kiingereza, BSP, ya robo tatu ina meno 14 kwa inchi, na mipira ya kwao ina meno 11 na nusu kwa inchi. Usilazimishe kwa uzi na tepu, utaua meno ya koki. Kata kile kichwa chao uweke kiungo cha hapa na klipu yako ya W4. Mpira ukikataa kuingia kwenye kiungo, chovya ncha yake kwenye maji ya moto dakika moja, utalainika utaingia wenyewe, sio kuupitisha kwenye moto wa jiko jamani, hapo unaunguza plastiki na pale ndo patakapopasuka.

Ukishanunua, usiuning'inize kwenye msumari. Msumari unaukunja pahala pamoja kila siku mpaka uzi wa ndani unakatika. Rimu kuukuu ya gari ikipigwa ukutani upande usio na jua, au nusu tairi, inatosha kabisa, unauzungusha duara kubwa maji yakiwa yameshatoka. Na panya, hao sina dawa zaidi ya kuuweka juu.

Jambo la mwisho ni la watoto, na hili naliomba kwa kila mzazi. Mpira wa bustani sio wa kunywa. Baadhi ya mipira ya bei rahisi ndani ya plastiki yake muna madini ya risasi, na hata baadhi ya viungo vya shaba vinakuwa nayo, na vile vilainishi navyo vinaingia kwenye maji yaliyolala ndani mchana kutwa kwenye joto. Watoto wanarudi chuoni, madrasa, wana kiu wanafungua mpira wanakunywa, na watu wazima tunachukulia udhu hapo hapo na kusukutua kinywa. Kwa kumwagilia na kuosha gari sawa, kwa kinywa chukueni maji kwenye koki au kwenye ndoo iliyofunikwa. Kama huna njia nyengine na mpira ndo unaojazia madumu ya ndani, ipo mipira iliyoandikwa ni ya maji ya kunywa, kawaida huwa myeupe au ya bluu, iulizie, na hiyo uitenge kwa kazi hiyo peke yake, usiiburuze kwenye samadi.

Wa Pemba mkiwa mnapata mpira mweusi wa raba kwa mita Wete au Chake, niandikieni na bei yake, nina shangazi yangu huko ana bustani ya miti ya viungo na namtafutia kabla Kaskazi haijakolea.