Kopo nililoliacha mezani kwa daktari

Jamani, wenzangu wenye homa ya ini B sugu, mkienda kliniki bebeni kila kopo la vidonge mnavyomeza. Nasema kwa uchungu.

Ini langu lina makovu. Mwaka jana nilichoka mpaka kupanda ngazi ikawa kazi. Dada yangu, kwa mapenzi tu, akaniletea vidonge vya madini: chuma, shaba, manganizi, potasiamu, vyote humo. Nikameza miezi miwili kimyakimya.

Siku ya kliniki nikalitoa kopo. Daktari akavaa miwani, akawa anayafuata yale maandishi madogo kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye potasiamu. "Mama, na spironolaktoni bado unakunywa?" Ndiyo, ya kupunguza maji tumboni. Akaniandikia kipimo cha damu palepale. Kumbe dawa ile huzuia potasiamu isitoke kwa mkojo, na ikizidi kwenye damu moyo huweza kupiga ovyo, hata kusimama.

Chuma nacho, kama huna upungufu uliopimwa, huweza kulundikana kwenye ini na kuliumiza zaidi. Shaba na manganizi hutoka kwa njia ya nyongo, sasa ini lenye makovu litayatoaje vizuri? Kilichopungua kwangu kilikuwa zinki, jambo la kawaida kwa sisi wenye makovu, na ndiyo aliyoniandikia, kwa kiasi maalumu.

Majibu ya potasiamu yalirudi salama, alhamdulillahi. Dada nilimpigia jioni nikamweleza taratibu. Alilia, nami nikalia naye.