Chase au Sewell: nafasi ipi ichukuliwe kwanza kwenye drafti ya NFL

Drafti ninayoizungumzia si ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Ni ile ya futiboli ya Kimarekani: timu 32, raundi 7, kila Aprili, zikigawana vijana wanaotoka vyuo vikuu. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote inachagua ya kwanza, bingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi, anakuwa wa 32. Shabiki wa Simba au Yanga anaweza kuona utaratibu huu kama kichekesho, maana kwetu bingwa ndiye anayebeba wachezaji wazuri. Huko wa mwisho ndiye anayeanza kula, na ubishi unaanzia hapo: ale nini kwanza?

Ubishi wenyewe huwa wa jumla mno. "Jenga ukuta kwanza," yaani watu wa kumlinda mrushaji wa mpira. "Bila kwotabeki huna timu," yaani mrushaji mwenyewe. Zote ni kweli, na hakuna inayomsaidia mtu mwenye dakika chache za kutaja jina. Kwa hiyo nachukua kesi moja halisi.

Aprili 2021 Cincinnati Bengals walikuwa na zamu ya 5. Kwotabeki wao, Joe Burrow, alikuwa ameharibika goti Novemba iliyotangulia, katikati ya msimu wake wa kwanza, akicheza nyuma ya ukuta uliovuja. Wawili walikuwa bado hawajachukuliwa: Ja'Marr Chase, mpokeaji, yaani mdakaji wa mipira inayorushwa, aliyecheza na Burrow chuoni LSU, na Penei Sewell wa Oregon, mlinzi wa pembeni. Bengals wakamchukua Chase. Sewell akaenda Detroit Lions kwa zamu ya 7. Msimu huo Chase alipata yadi 1,455 na Bengals wakafika Super Bowl. Msimu huohuo Burrow aliangushwa na mpira mkononi mara 51, nyingi kuliko kwotabeki yeyote wa ligi, kisha mara 9 kwenye mechi moja ya mtoano dhidi ya Tennessee Titans, na mara 7 kwenye fainali waliyofungwa na Los Angeles Rams 23–20. Sewell naye akawa miongoni mwa walinzi bora wa ligi nzima. Kila upande una ushahidi wake, ndiyo maana ubishi haujafa.

Kwa aliyezoea soka pekee: kwotabeki ndiye anayepokea mpira unapoanzishwa na kuamua aurushe wapi. Mbele yake wanasimama watu watano, ndio ukuta: senta katikati, gadi wawili kandokando yake, na walinzi wa pembeni wawili kwenye ncha. Wapinzani wanaokuja kutokea nje kumsaka kwotabeki nitawaita wavamizi. Wanaomkaba mpokeaji ni wakabaji. Mkimbiaji ni yule anayekabidhiwa mpira mkononi akapasue katikati.

Sasa pesa, maana bila pesa ubishi huu ni kelele tu. Kabla ya makubaliano ya kazi ya 2011, kijana aliyechaguliwa wa kwanza alijadiliana mkataba wake kama nyota aliyekwisha kuthibitika. Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, alisaini dola milioni 78 kwa miaka 6, milioni 50 zikiwa za uhakika. Cam Newton, wa kwanza mwaka 2011, alipata takriban milioni 22 kwa miaka 4. Tangu hapo mshahara wa mwanzo unafuata namba ya zamu. Nafasi ya mchezaji uwanjani haihesabiwi. Zamu ya 2 ni bei ileile kwa kwotabeki na kwa mkimbiaji.

Hapo ndipo penye siri ya hesabu yote. Burrow mwenyewe, wa kwanza 2020, aligharimu takriban milioni 36 kwa miaka 4. Mwaka 2023 aliongezewa mkataba wa miaka 5 kwa milioni 275, yaani 55 kwa mwaka. Mwaka 2025 kikomo cha mishahara kwa timu nzima kilikuwa milioni 279.2. Kwotabeki mmoja wa bei hiyo anakula karibu moja ya tano ya mfuko. Ukimpata kwenye drafti, kwa miaka minne unabaki na makumi ya milioni za kununulia wengine. Sasa mweke mkimbiaji palepale: Saquon Barkley, zamu ya 2 mwaka 2018, alisaini takriban milioni 31 kwa miaka 4 na New York Giants, na kabla hajagusa mpira tayari alikuwa karibu na kilele cha soko la wakimbiaji. Giants hawakuokoa chochote. Philadelphia Eagles walimchukua 2024 kwa pesa, bila kutumia zamu, akakimbia yadi 2,005 nyuma ya ukuta uliokuwa umekamilika, wakatwaa Super Bowl. Mchezaji yuleyule, njia mbili za kumpata, na moja ndiyo iliyokuwa na akili.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: nafasi hii sokoni inauzwa bei gani? Kwotabeki, mvamizi, mlinzi wa pembeni, mpokeaji na mkabaji ni ghali. Gadi, senta, beki wa mwisho (anayelinda nyuma kabisa), mkimbiaji na taiti endi (anayezuia na kudaka mpira pia) ni nafuu zaidi. Angalizo moja: ligi inapopanga bei ya kumzuia mchezaji asiondoke, ukuta wote huwekwa kapu moja, senta na mlinzi wa pembeni kwa bei sawa. Ukichukua namba hiyo kama kipimo utaambiwa senta ana thamani ya mlinzi wa pembeni, jambo ambalo hakuna meneja anayeliamini.

Swali la pili ndilo linalosahaulika: nisipomchukua sasa, zamu yangu ijayo nitakuta nini? Wapokeaji wa maana hupatikana hata chini kabisa. Amon-Ra St. Brown alikuwa wa 112, Tyreek Hill wa 165, Puka Nacua wa 177. Senta na gadi vilevile: Kansas City Chiefs walimpata Creed Humphrey zamu ya 63 na Trey Smith zamu ya 226 katika drafti moja, ya 2021, miezi michache baada ya ukuta wao wa kuungaunga kumfanya kwotabeki wao Patrick Mahomes akimbizwe usiku mzima na Tampa Bay Buccaneers, 31–9. Mlinzi wa pembeni ni mgumu zaidi kumpata, kwa sababu anazaliwa na vipimo. Kwenye majaribio ya kabla ya drafti, kule Indianapolis, mkono wake ukipimwa chini ya inchi 33, minong'ono inaanza kwamba ahamishiwe gadi; mvamizi mwenye mkono mrefu atamgusa kifua kwanza, na anayegusa kwanza ndiye anayesukuma. Urefu wa mkono haufundishiki. Ndiyo, Jordan Mailata wa Eagles alikuwa wa 233, mcheza raga kutoka Australia ambaye hakuwahi kucheza futiboli. Ila hesabu haijengwi juu ya bahati ya namna hiyo.

Wavamizi ni kama walinzi wa pembeni: Myles Garrett wa 1, Nick Bosa wa 2, Aidan Hutchinson wa 2, Micah Parsons wa 12. Wanaisha mapema. Wakabaji wako katikati, na hutegemea sana mwaka. Mwaka 2024 zamu 14 za kwanza zote zilikwenda kwa wachezaji wa mashambulizi, sita kati yao kwotabeki. Eagles wakatulia zao zamu ya 22, mkabaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Quinyon Mitchell, akawafikia. Wenzako wakikimbilia meza moja, wewe nenda meza ambayo haina foleni.

Kwotabeki ana sheria yake, na hatari yake. Kwa kuwa faida ni kubwa, watu hupagawa. San Francisco 49ers mwaka 2021 walitoa zamu tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu ili kupanda hadi ya 3 wamchukue Trey Lance. Mwaka uliofuata wakamchukua Brock Purdy, wa 262, mtu wa mwisho kabisa kwenye orodha, na ndiye aliyewafikisha Super Bowl. Carolina Panthers walitoa zaidi 2023 ili kumpata Bryce Young: zamu ya 9, ya 61, ya raundi ya kwanza 2024, ya raundi ya pili 2025, na mpokeaji wao bora DJ Moore juu yake. Walimaliza msimu na ushindi 2 na vipigo 15, zamu waliyoitoa ikawa ya kwanza, Chicago Bears wakamchukua Caleb Williams nayo. Kosa halikuwa kumtaka kwotabeki. Kosa lilikuwa kumleta kwenye timu uliyoivua nguo ili umnunue. Nani amrushie mpira, nani amlinde?

Kuna jedwali la kubadilishana zamu lililotoka kwa Dallas Cowboys wa kocha Jimmy Johnson miaka ya tisini: zamu ya 1 ni pointi 3,000, ya 2 ni 2,600, ya 5 ni 1,700, ya 32 ni 590. Watafiti Cade Massey na Richard Thaler walionyesha kwamba timu hulipa mno kwa zamu za juu. Mimi jedwali nalitumia kujua mwenzangu atataka nini. Thamani halisi haliionyeshi, kwa sababu halijui kwamba raundi ya kwanza ina nyongeza ya mwaka wa tano ambayo timu inaweza kuichukua na raundi ya pili haina. Baltimore Ravens walipopanda hadi zamu ya 32 mwaka 2018 kumchukua kwotabeki Lamar Jackson, mwaka huo wa tano ulikuwa sehemu ya kilichonunuliwa.

Nafasi nyingine nazipitia haraka. Taiti endi: Travis Kelce wa 63, George Kittle wa 146, subiri. Beki wa mwisho: subiri, isipokuwa yuko Kyle Hamilton, na hata yeye alikuwa wa 14. Wapigaji wa mpira kwa mguu: Buccaneers walipanda hadi zamu ya 59 mwaka 2016 kumchukua Roberto Aguayo, akawachezea msimu mmoja. Jacksonville Jaguars mwaka 2012 walitumia zamu ya 70 kwa mpigaji anayeupeleka mpira mbali timu inaposhindwa kusonga. Kwotabeki Russell Wilson alikuwa bado yupo; alichukuliwa wa 75.

Ukitaka kufanya hesabu mwenyewe, chukua zamu yako ya sasa na inayofuata. Kwa kila nafasi unayoihitaji, andika majina ambayo ungeyachukua bila kusita, si majina yote. Hesabu timu zilizo kati ya zamu zako mbili zenye shida hiyohiyo, na uangalie pia mikataba yao inayoisha mwaka ujao, kwa kuwa wengi huchagua mrithi mwaka mmoja kabla. Orodha itakayokauka kwanza ndiyo unayoanzia. Usilinganishe mtu na mtu. Linganisha jozi na jozi.

Rudi Cincinnati na kalamu hiyo. Jozi ya kwanza: Chase, kisha mtu wa ukuta raundi ya pili. Jozi ya pili: Sewell, kisha mpokeaji. Wapokeaji waliochukuliwa raundi ya pili mwaka ule walikuwa kina D'Wayne Eskridge wa 56, Tutu Atwell wa 57, Terrace Marshall wa 59. Hakuna kati yao aliyekaribia yadi 1,000 kwa msimu. Watu wa ukuta walikuwa tele: Samuel Cosmi wa 51, Humphrey wa 63, Spencer Brown wa 93, Quinn Meinerz wa 98. Kumchukua Chase kwanza kulikuwa sahihi kabisa.

Kilichoharibika kilitokea kesho yake. Bengals walikuwa na zamu ya 38. Wakaiuza kwa New England Patriots, wakashuka hadi ya 46 ili wapate zamu za ziada chini. Katikati hapo wakaondoka Teven Jenkins, Liam Eichenberg na Walker Little, wote watu wa ukuta. Ilipofika 46 Bengals wakamchukua Jackson Carman, mlinzi wa pembeni wa Clemson waliyetaka kumgeuza gadi, naye hakushika nafasi. Humphrey alikuwa bado yupo, na alibaki hadi zamu 17 baadaye.

Shambulizi la mwisho la Bengals kwenye fainali ile, Aaron Donald wa Rams alipenya katikati ya ukuta akamshika Burrow akiwa anazunguka kuuachia mpira. Kule pembeni Chase alikuwa amekwisha kumwacha mkabaji wake, Jalen Ramsey. Aliyepenya hakutokea kwenye ncha ambako Sewell angesimama. Alipita ndani, kwenye eneo la gadi na senta.